Mwizi wa Michoro na Mume Wangu

Auguste Perrochet alikuwa mwizi, na mtu asiniambie habari za ustadi wake. Mswisi huyo wa karne ya kumi na tisa alichonga picha kwenye mabamba ya shaba, na alifundisha wasichana kuchora. Kufundisha gani! Mwaka mzima aliwanakilisha pua moja. Aliyeijua kazi ni mwanafunzi wake, Louise. Louise alichora, Louise alichonga. Desturi ya wachongaji ni kwamba chini ya picha, kona ya kushoto hukaa jina la aliyechora, na ya kulia la aliyechonga. Perrochet akajiandika kona zote mbili. Hana hata haya!

Nayajua haya kwa sababu barua za Louise nimezisoma mimi. Mume wangu, Talib, ndiye eti mwandishi wa maisha ya Perrochet, lakini Kifaransa chake kinaishia kwenye salamu. Mimi nimesomea Bujumbura, na kwa Kifaransa. Miaka mitatu, kila nikitoka shifti ya kuhudumia wazee, nilikaa jikoni kwetu Kilburn nikizitafsiri, barua mia na kumi na mbili, mwandiko kama kuku kaparura. Nilitaka kitu kimoja tu: jina langu kitabuni. Akaniahidi. Kitabu kilipotoka nikalitafuta jalada hadi jalada, halipo. Nilipomuuliza akasema mchapishaji alikuwa na haraka, nisubiri toleo la pili. Nilicheka kwa hasira.

Jumamosi kikazinduliwa maktabani. Talib, suti mpya, shingo juu, akamponda Perrochet nusu saa nzima: mwanamume gani huyu anayekula jasho la mwanamke? Watu wakampigia makofi. Kweli nyani haoni kundule.

Kisha mzee mmoja wa Kiswisi, Cédric, akanyoosha mkono. Akasema barua ya mwisho ya Louise ilimliza. Je, mwandishi angewasomea kwa Kifaransa chenyewe? Akampa nakala ya barua yenyewe. Talib akaikodolea macho. Akanitafuta ukumbini, nikatazama dirishani. Akakohoa, akakiri kwamba Kifaransa hakijui. Cédric akashangaa, akauliza nani basi aliyetafsiri.

Talib akajibu kwamba ni kompyuta.

Afadhali angenyamaza. Nikainuka, nikaenda mbele, nikaichukua ile karatasi mkononi mwake na kuisoma yote, polepole, mpaka kwenye sahihi ya Louise. Kisha nikawageukia watu.

"Kompyuta yenyewe ni mimi," nikasema. "Naitwa Miska."

Talib akaanza kupiga makofi, meno yote nje, eti ananipongeza. Alipiga peke yake, hadi mikono ikamchoka.