Siku Aliyonyolewa Mkwe

Dorothy Khavere wa Khayega alikuwa na binti mmoja tu, Sylvia. Binti huyo alipofika umri ambao akina mama wa kanisani huanza kuuliza maswali, alileta nyumbani nyoka.

Alimleta ndani ya foronya, foronya ndani ya kikapu, kama mtu anayemletea mama yake kuku.

"Mama," akasema, "si umekuwa ukiniulizanga mkwe? Huyu hapa. Halewi, hapigi mtu, na hataki mahindi yako."

Dorothy alipanda juu ya kiti. Mwanamke wa uzito wake hapandi kiti hivi hivi, na kiti chenyewe hakijasimama sawa tangu siku hiyo.

Nyoka alikuwa chatu mchanga, wa ile aina ya Afrika Magharibi isiyokua sana, ambaye akishtuka hujikunja akawa mviringo kama mpira wa watoto na kuficha kichwa katikati. Sylvia alifanya kazi katika nyumba ya nyoka kule karibu na msitu, mahali wageni huja kuogopeshwa wakashukuru. Huyu mdogo alikuwa amekataa kula kwa ajili ya kelele za wanafunzi waliokuwa wakigonga kioo, basi mwenye mahali akamruhusu Sylvia amtunze nyumbani mpaka anenepe. Karatasi za serikali zilikuwapo, zote na mihuri yake. Dorothy alisema serikali inamjua huyo nyoka kuliko inavyomjua yeye, maana sura yake kwenye kitambulisho ilishafutika zamani na hakuna aliyekuja kuuliza.

Jina likabaki hilo hilo, Mkwe, na Dorothy akapata faida nalo. Kwa mila ya kwao mama mkwe hamgusi mkwe wake, hampi mkono, hata njiani humpisha kwa mbali. "Mila ni mila," akasema. "Mkwe sitamshika." Ndivyo alivyopata njia ya heshima ya kuogopa.

Lakini maneno ya Sylvia juu ya kumtunza nyoka aliyasikia. Mkwe aliishi kwenye kasha la plastiki lenye matundu, upande mmoja wa kasha ukipashwa joto na ile taa ya vifaranga, na vifaranga wenyewe wakahamishiwa jikoni wakalalamike huko. Panya wa kumlisha asizidi unene wa kiuno cha nyoka mwenyewe. Hatafuni, humeza mzima, halafu hulala akingoja.

"Tumbo lake ni sufuria, Mama, na taa ndiyo moto," Sylvia alimwambia. "Moto ukizimika, chakula kinaoza ndani. Na akishakula asishikwe, siku mbili nzima. Akishikwa anatapika."

"Kama baba yako na pombe yake ya busaa."

"Mama, sikiliza. Akitapika usimpe kitu. Tumbo linakuwa limechubuka. Unangoja wiki mbili au zaidi, ndipo unampa kadogo."

Dorothy alikuwa akisonga obusuma, ugali wa kwao, wakati huo. Alisikia kama mama asikiavyo mambo ya kazi ya mtoto wake: akifurahia sauti, huku maneno yakimpita.

Kisha selimundu, ule ugonjwa wa damu aliozaliwa nao Sylvia, iliyokuwa imemwacha kwa muda wakadhani imechoka, ikarudi na mvua za masika. Akiwa kitandani hospitalini aliuliza habari za Mkwe kuliko alivyouliza matokeo ya damu yake.

"Amekula?"

"Bado. Anakungoja wewe."

"Mama, usimwache afe. Hata kama unamchukia."

"Nani anamchukia? Mkwe wangu mwenyewe."

Sylvia akacheka, na kicheko kikageuka kukohoa, na muuguzi akaja akamwambia Dorothy atoke kidogo. Huko kutoka kidogo ndiko kulikokuwa kuagana kwao. Dorothy alizika binti yake nyuma ya nyumba, upande wa migomba, akabaki na ahadi moja ya kutimiza: nyoka asife.

Na nyoka hakutaka kula.

Clifford, kijana aliyefanya kazi na Sylvia, alikuwa akija na panya waliokufa, wamegandishwa kwenye mkebe wa siagi. Alimfundisha Dorothy kumyeyusha panya kwenye maji ya uvuguvugu, kumpangusa, kisha kumshika kwa koleo refu na kumchezesha mbele ya kasha kama aliye hai. Jioni kwa jioni Dorothy aliketi pale, koleo mkononi, mwanamke mzima anamchezesha panya maiti. Mkwe aliutoa ulimi, akauonja upepo, akageuza uso.

"Unanidharau," Dorothy alimwambia. "Haya. Mimi pia sina hamu. Lakini mimi nina mafuta ya kuchoma, wewe unabaki mkia mtupu."

Hakuna aliyekula sawasawa katika nyumba ile. Uji wa Dorothy ulilala mpaka ukafanya ngozi. Akilala, aliwaza: huyu naye akifa, nitamwambia nini mwanangu? Akiamka, kabla ya kusali, alifunua kitambaa cha kasha kuona kama yule kiumbe bado anapumua.

Ikafika siku ya kunyoa. Hiyo ndiyo siku ambayo baada ya mazishi ukoo hukaa uwanjani, wafiwa wakanyolewa nywele, vitu vya marehemu vikagawanywa, na watu wakaruhusiwa kucheka tena. Senge yake Sylvia, shangazi yake Maximilla, alifika asubuhi mapema kusaidia kupika, na mdomo wake ulikuwa umetangulia kuamka.

"Mama Sylvia, wageni wako njiani na mkwe hajala? Utasemwa mpaka Mumias."

"Nimpe nini na hataki?"

"Umempa vizuri? Mkwe hapewi shingo ya kuku akafurahi."

Ulikuwa utani tu. Lakini Dorothy alienda kwenye mkebe akachagua panya mkubwa kuliko wote, kwa sababu ni kweli, mkwe hapewi kipande cha aibu siku ya wageni. Akamyeyusha, akampangusa, akamleta kwa koleo. Mkwe akainua kichwa. Akatulia. Halafu, kabla Dorothy hajapepesa jicho, akaruka akamdaka, akajiviringisha, na baada ya muda akaanza kummeza polepole kuanzia kichwani, taya zikitembea kama mtu anayevaa soksi inayombana.

Dorothy alitoka mbio uwanjani na koleo lake.

"Maximilla. Amekula."

"Nani?"

"Mkwe amekula."

Wanawake wale wawili wakashikana katikati ya moshi wa jikoni, wakalia na kuyumba, koleo likielekea mbinguni, kuku aliyekuwa akingoja zamu yake akiwatazama.

Watu wakajaa. Asubuhi ilikuwa ya baridi, manyunyu yakishuka kutoka upande wa msitu. Dorothy alinyolewa, kichwa chake kikawa kidogo ghafla kama cha mtoto. Mablanketi yakapata wenyewe, simu ikapata mwenyewe, viatu vikagombaniwa kwa adabu. Mwenye kuongoza yote alikuwa Patroba, ndugu ya marehemu mume wa Dorothy, mzee ambaye hata msibani huchekesha, na ukoo humwachia kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Busaa ilikuwa imempitia mara kadhaa.

"Sasa," akasema Patroba, wembe mkononi, "tumemnyoa mama. Na mume wa marehemu je? Huyu binti yetu hakuacha mume?"

Vicheko vikaanza kule nyuma.

"Mume aliyefiwa hawezi kuachwa na nywele zake. Atatuletea mkosi. Aletwe anyolewe."

Akaingia ndani mwenyewe, kwa ujasiri wa busaa, akatoka na Mkwe mikononi, amemnyoosha kama mtu aliyebeba kamba ya ng'ombe. Watu wakarudi nyuma, kisha wakasogea. Katikati ya mwili wa nyoka uvimbe wa yule panya ulionekana wazi.

Dorothy alikuwa mlangoni. "Patroba," akasema, "amekula sasa hivi. Hashikwangi akishakula."

"Mulamwa, shemeji yangu, mimi pia nimekula sasa hivi, na leo nimeshikwa na kila mtu."

Uwanja ukalipuka. Patroba akachovya vidole kwenye beseni la maji baridi, akamlowesha Mkwe kichwa, akapitisha mgongo wa wembe hewani juu yake, akakunja uso kama kinyozi mwenye shida. "Huyu bwana," akatangaza, "Mungu alimnyoa kabla yetu. Hakuacha hata kidevu."

Na Dorothy akacheka.

Hakutarajia. Kicheko kilitoka tumboni, mahali ambapo tangu mazishi palikuwa pamekaa jiwe, kikamlazimu ashike mwimo wa mlango. Alicheka mpaka machozi yakafika kidevuni. Akaona watu wale, waliokuwa wakimsema Sylvia kuwa amerogwa na nyoka, sasa wananyoosha mikono wamshike yule yule aliyempenda. Maximilla akamshika. Mama mzee wa kanisa akamshika kwa ncha za vidole na kusema, "Kumbe si mtelezi." Mtu akasema Sylvia alikuwa akimwimbia. Mwingine akasema yeye alimsikia. Jina la mtoto wake lilikuwa linapita mkono kwa mkono katika manyunyu yale, na Dorothy alijua. Alijua kabisa kwamba yafaa aseme tena, kwa sauti ya mwenye nyumba, mrudisheni kwenye joto. Akasema moyoni, kidogo tu. Wacha wamtaje kidogo tu.

Mkwe alijikunja mviringo kwenye mikono ya Patroba. Kisha akajikunjua, akanyoosha shingo, akapanua kinywa zaidi ya alivyokipanua kula, na panya akatoka, mzima, mlowevu, akaangukia suruali nzuri ya Patroba.

Hakuna aliyecheka. Patroba, ambaye hakukosa neno hata siku aliyomzika mke wake, alisema kwa sauti ndogo tu, "Pole, mkwe."

Dorothy ndiye aliyempokea. Alimshika kwa mikono yake yote miwili, mara ya kwanza, akampangusa kinywa kwa ncha ya leso, akamrudisha chini ya taa. Alikuwa baridi kama kitasa cha mlango.

Jioni Maximilla alikaa naye. "Sasa yuko mtupu tumboni. Mtoto akitapika si anaongezwa?"

"Sylvia alisemanga kitu juu ya kungoja."

"Kungoja nini?"

Dorothy alitafuta. Sauti ya Sylvia aliipata yote, hata ule mzaha uliokuwa ndani yake, lakini maneno yalikuwa yamezama kwenye sufuria ya obusuma. Angeweza kumpigia Clifford. Alishika simu, akaiweka. Kumpigia kulikuwa ni kueleza jinsi ilivyotokea, na alivyocheka.

Kesho yake akamyeyusha panya, safari hii mdogo kabisa. Mkwe alimchukua bila kuruka, taratibu, kama mtoto anayekula ili kumridhisha mama. Akatapika tena kabla ya giza, na alichotapika kilinuka hadi sebuleni. Baada ya hapo hakutaka hata maji. Ngozi ikamlegea ikafanya mikunjo ubavuni. Dorothy aliiacha taa ikiwaka mchana na usiku, vifaranga wakafa wawili jikoni kwa baridi, hakuwajali. Asubuhi moja alifunua kitambaa akamkuta amelaza kichwa nje ya kona aliyozoea kujifichia, na hakuna kilichopanda wala kushuka.

Clifford alikuja. Alimgeuza nyoka kwa vidole, akambonyeza tumbo, akauliza bila ukali.

"Alitapika, Mama?"

"Siku ya kunyoa. Walimshika."

"Na ukampa tena lini?"

"Kesho yake."

Clifford akamlaza nyoka chini. "Tumbo lilikuwa limeungua," akasema. "Lilitaka kupumzika tu. Mbona hukunipigia?"

"Ningekupigia ningesema nilicheka."

Hakuelewa, au alielewa akaacha. Alimwambia kwamba kule kazini mayai yameanguliwa, wako wengine wadogo, na mwenye mahali hatakataa akiombwa. Angeweza kumletea mmoja.

"Hapana, mwanangu. Huyu alipokataa kula nilijua anamtafuta nani. Huyo wenu hajui kama Sylvia alikuwapo."

Mwili ilibidi urudi kule nyumba ya nyoka, kwa sababu serikali ilitaka kuonyeshwa kwamba nyoka wake amekufa kweli. Clifford alimfunga kwa leso aliyopewa na kumweka kwenye kikapu. Alikuwa amefika mlangoni Dorothy alipomwita.

"Pitia kule nyuma, kwenye migomba. Mwambie wewe. Mimi nilijaribu asubuhi nikashindwa."

Clifford akaenda. Kutoka mlangoni Dorothy alimwona amesimama juu ya udongo uliokuwa bado haujashuka, kikapu mikononi, kichwa chini, midomo ikitembea. Alikaa huko muda mrefu kuliko mtu mwenye habari moja tu. Kisha akarudi na matope kwenye viatu.

"Nimemwambia, Mama."

"Amesema nini?" Dorothy akauliza, na hakuwa anatania.