Kumi na Tano

Mume wangu Laurent alipokufa, mdogo wake Clément alikuja msibani na tai shingoni. Tangu Katanga ijitangaze nchi, alikuwa ameajiriwa kufungua mlango wa ofisi moja ya wakubwa hapa Elisabethville, na kwa kuwa mawaziri walipita karibu na pua yake, alijiona naye ni waziri. Debe tupu haliachi kuvuma. Matanga hayajaisha, yeye alikuwa akipima vyumba vya nyumba yangu kwa hatua.

Laurent aliacha vitu viwili: nyumba hii ya mtaa uitwao Kenya, na lori tulilobebea samaki kutoka Kasenga. Wajomba zake wakaamua kwamba Jumapili Clément achague kimoja, mimi na watoto tubaki na kingine. Nilijua atataka nyumba, maana taa nyekundu ya mafuta ya injini ya lori ilikuwa haizimiki na kila mtu aliiona. Niliogopa sana. Lori bovu halilazi watoto.

Nikalipeleka kwa fundi Mumba, nijue moja: kibovu ni taa au injini. Alikuwa na saa kuukuu ya kupimia nguvu ya mafuta, iliyotoka upande wa Waingereza. Akafungua kidude cha taa ubavuni mwa injini, mahali pake akafunga mrija mwembamba wa shaba, akauweka mbali na bomba la moshi, akauzungusha mara moja ili mtikisiko usiukate, kisha akaupitisha hadi mbele ya usukani, alipoifunga saa. Mafuta yenyewe hupanda humo mpaka kwenye saa. Injini ilipopata moto, mshale ulishuka hadi kumi na tano ukagoma kupanda, hata Mumba alipokanyaga pedali. Akaninong'oneza kwamba injini imekwisha.

Saa ile ilikuwa na herufi LBS. Nilizijua kutoka kwenye mizani ya wachuuzi wa ng'ambo ya mto Luapula, kwa Waingereza: wao wanapima kwa ratili, si kwa kilo kama sisi. Hesabu inakuwa kubwa, samaki ni yule yule; na kwa saa za mafuta, Mumba alisema, kumi na tano ya kwao ni kama moja tu kwenye saa zetu za kilo.

Ndipo Clément akaingia gereji kukagua alichokiita mali ya kaka. Akachungulia saa yetu, akaenda kuchungulia ya lori la Mzungu mmoja lililokuwa likinguruma pembeni, mshale wake uko kwenye nne, akarudi kifua mbele.

“Ya ule Muzungu iko ine tu,” alisema. “Ya kaka yangu kumi na tano. Motere iko nguvu sana, na munasema iko mugonjwa.”

Mumba akafumbua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Kisha nikainamisha kichwa, nikamsihi Clément atuachie lori, kwamba bila lori sisi tumekwisha. Mtu wa aina yake hajui thamani ya kitu mpaka aone mwingine anakililia. Nilimdharau hadi nikakaribia kumwonea huruma, halafu nikakumbuka zile hatua zake chumbani mwa wanangu.

Jumapili akachagua lori. Mjomba Kunda alimuuliza mara mbili kama ana hakika, naye akajibu kwamba mshale aliuona kwa macho yake mwenyewe. Wajomba wakapokea neno lake, na mbele yao neno halirudi.

Injini ilikwama safari ya kwanza tu, akitoka Kasenga na mzigo. Alirudi mjini kwa kuombaomba, tai mfukoni, ananuka samaki waliooza. Akaja moja kwa moja kwangu, akakaa kwenye kiti cha Laurent bila kukaribishwa, akalalamika kwamba mshale haukusogea, ulibaki kumi na tano mpaka injini ilipolia na kukata. Fundi mwingine alikuwa amemweleza habari ya ratili.

“Shemegi, weye ulijua?”

“Nilijua,” nikamwambia. “Sasa fungula mulango, utoke. Ile njo kazi yako.”

Akaufungua, akatoka. Lazima niseme kweli, kazi yake anaiweza.