Unga wa Ovide Dugas

Siku ya tano tangu atoke hospitali na nyonga iliyoungwa, Verlie alikuwa bado anaishi kwa kahawa ya maziwa. Sahani ya chakula ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Jumapili asubuhi binti yao, Nola, akafika na gari kutoka Houston, akaanza kukunja nguo za mama yake.

"Tunaondoka saa nane mchana, Baba. Hapa atakufa njaa. Wewe hata yai hujui kuchemsha."

Ovide Dugas hakubisha. Miaka arobaini na minane alikuwa amekaa mezani akisubiri kupakuliwa. Lakini jana yake Verlie, uso ukutani, alisema kwamba ingekuwepo gambo kidogo, ule mchuzi mzito wa kuku na soseji, labda angeonja. Basi Ovide akainjika sufuria nzito ya chuma, akamimina kikombe cha mafuta na kikombe cha unga, akashika mwiko. Gambo huanza na unga wa kukaangwa, unaokorogwa bila kuachwa hata kidogo hadi uwe na rangi ya kahawa.

Unga ulikuwa umefikia rangi ya karanga mlango ulipobishwa. Ovide akaweka mwiko chini, akaenda kufungua. Alikuwa Earline, jirani yao, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Akanusa.

"Shemeji, una unga motoni?"

"Ninao."

"Ukauacha uje kunisalimia mimi? Mimi nani, askofu?"

Walipofika jikoni, chembe nyeusi zilikuwa zinaelea. Ovide akachukua kijiko, akaanza kuzitoa moja moja.

"Ovide!" Sauti ilitoka chumbani. "Mwaga huo!"

"Umeungua kidogo tu, mke wangu."

"Hakuna kidogo! Huku kunanuka tairi. Mwaga, anza upya."

Nola alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Akatazama saa: saa tano na nusu. Alimpokea baba yake sufuria, akaenda kuiosha mwenyewe.

Mara ya pili Ovide hakubanduka. Earline hakuugusa mwiko, ingawa vidole vilimwasha. Alikata vitunguu, pilipili hoho na seleri huku amempa mgongo, ili Ovide asijione anasimamiwa. Watu walipoanza kuja baada ya kanisa, aliwapokea mlangoni kwa neno moja: "Yuko kwenye unga." Wakapita nyuma ya Ovide kimyakimya hadi kwa mgonjwa, na hakuna aliyeona amedharauliwa.

"Rangi gani sasa?" Verlie akaita.

"Karanga."

"Endelea."

Mkono ulimuuma hadi begani. Akabadilisha mkono.

"Na sasa?"

"Kahawa."

"Kahawa ya nani? Ya mama yako ilikuwa maji matupu!"

Wageni chumbani wakacheka.

"Ya kwako, Verlie."

"Basi tia vitunguu, upesi!"

Vitunguu vikachachatika na moto wa unga ukapoa. Kuku akafuata, na soseji ya kukaushwa kwa moshi, na maji. Saa nane ikapita sufuria ikitokota. Nola aliiona ikipita.

Saa tisa akampelekea mama yake bakuli la gambo juu ya wali. Verlie akaonja, akaonja tena.

"Chumvi haitoshi," akasema. Bakuli lilipofika nusu akaongeza, "Na wali ameubania."

"Kesho utakula hivi, Mama?"

"Gambo ikilala ndiyo inakuwa tamu. Nani ataiacha?"

Nola akarudi jikoni. Ovide alikuwa bado amesimama kando ya jiko, hana hakika kama anaruhusiwa kukaa.

"Unajua kupika vingapi sasa, Baba?"

"Hiki kimoja."

"Basi kesho mtakula hiki. Jumanne nitakuonyesha maharage, halafu nirudi kwangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Lakini nitapiga simu kila siku niulize amekula nini."

Ovide akautazama mwiko.

"Maharage nayo yanasimamiwa hivi?"

"Hapana. Unaweza hata kufungua mlango."

"Afadhali," akasema, akavuta kiti.

Nola akampakulia.