Karoti za Fundi Mstari

Aliitwa Fundi Mstari kwa sababu mshono wake haukwenda kombo hata aliposhona akisinzia. Jina hilo lilimlisha miaka thelathini. Chakula chenyewe kilikuwa mkate na chai ya sukari, maana alishikilia kwamba majani ni ya mbuzi na matunda ni ya wagonjwa.

Kisha ukungu ukaingia jicho la kulia, lile alilolitegemea, maana la kushoto lilikuwa hafifu tangu utoto. Bluu na nyeusi zikawa ndugu wa tumbo moja. Fundi hakumwambia mtu. Jina likipotea, wateja hulifuata. Redio iliposifu karoti kwa macho, akaanza kuzitafuna kwa siri nyuma ya cherehani, kilo nzima kwa siku, kwa unyenyekevu wa mtu anayetubu.

Mwezi wa pili viganja vikawa vya manjano. Mkewe akavikagua, akakagua na nyayo, akatangaza kwamba ini limekwisha, akamburuta hadi zahanati kabla hajavaa kiatu cha pili.

Daktari, binti wa rika la kitinda mimba wao, akasema ini halina neno. Ni karoti tu zimepaka ngozi rangi. Akammulika macho, akarudi nyuma hatua mbili.

"Baba, nimevaa koti la rangi gani?"

"Jeupe, mwanangu," akajibu Fundi kwa uhakika, kwa kuwa madaktari huvaa meupe.

Lilikuwa la kijani. Mkewe akatazama dari.

"Huo ni mtoto wa jicho," daktari akasema. "Kukwepa mboga na matunda miaka yote hakukulisaidia jicho, na hilo la pili bado linahitaji kulishwa vizuri. Ila huu ukungu karoti haiutoi, hata ukila gunia zima. Unatolewa kwa upasuaji."

Fundi akauliza kwa sauti ya chini kama watu watajua.

"Mume wangu," mkewe akasema, "watu wamevaa suruali zako mwaka mzima. Wanajua."

Akakubali kupasuliwa.

Mwezi mmoja baadaye alikaa mlangoni pa duka lake, sahani ya mchicha mapajani kwa amri ya mkewe, akiutazama mtaa. Mwenye duka la dawa akapita, mguu mmoja wa suruali umeshonwa kwa uzi wa bluu, wa pili kwa mweusi. Mwalimu akapita, mfuko wa suruali yake mdomo umeangalia nyuma. Hao na wengine waliofuata wakamwamkia, "Shikamoo, Fundi Mstari," bila kucheka hata kidogo.

Aliwaita mmoja mmoja. Kufikia adhuhuri wanaume wanne walikuwa nyuma ya pazia, miguu wazi, wakipokezana gazeti moja, na Fundi ameinama akifumua suruali zao azishone upya.