Kadi Mbili za Fundi

Mume wa mdogo wake fundi wa kompyuta aliingia kwa kuupiga mlango teke, kitasa kikabaki kinaning'inia. Ndivyo alivyo, kupiga hodi anaona ni kujishusha. Akaitupa kompyuta ya kiganjani juu ya meza ya fundi.

"Mali ya mdogo wako, shemeji. Polisi wanaitaka saa sita, nzima na inayowaka. Nataka ndani kuwe kweupe."

Fundi hakuuliza kwa nini. Mdogo wake alikuwa amelazwa, taya limefungwa waya, hawezi kutamka hata jina lake. Lakini jioni tatu mfululizo, kabla hajavunjwa taya, aliiacha kompyuta hiyo anayohesabia mizigo stoo juu ya rafu ya jikoni, ikirekodi. Kipigo chote cha mumewe kilikuwa humo, na ushahidi mwingine hakuna.

"Nimeambiwa ukiweka mfumo mpya, ule wa Linux, kilichokuwemo hakirudi," shemeji akasema.

"Hakirudi," fundi akajibu.

Mbele yake kulikuwa na kadi mbili, kila moja na mfumo wake wa Linux. Ya kwanza hujiandika juu ya kumbukumbu ya ndani na kufagia kila kitu. Ya pili huendesha mashine kutoka kwenye kadi yenyewe, na yaliyomo ndani haiyagusi kabisa. Kwa mtu asiyejua, zikishawaka zinafanana kama mapacha. Akachukua ya pili. Aliogopa, tusidanganyane, mkojo ulimbana.

Shemeji akamzaba kofi kwa kuchelewa. Miwani ikaruka, mdomo ukapasuka. Fundi akaipachika kadi ubavuni mwa kompyuta huku damu ikidondokea vitufe. Kioo kikawaka, safi. Shemeji akafungua huku na huku: hakuna picha, hakuna video. Akacheka. Kisha akaiona kadi.

"Hii ya nini?"

"Mfumo umo humo. Ukiitoa, haiwaki tena."

"Na vya zamani?"

"Vimefutika."

Shemeji akachukua nyundo, akaubana mkono wa kulia wa fundi mezani. "Apa."

"Haki ya Mungu, vimefutika."

Nyundo ikashuka kwenye kidole cha shahada. Mfupa ukavunjika kwa mlio mkavu. Fundi akapiga ukelele ulioinyamazisha cherehani ya jirani, lakini hakuna aliyekuja. Majirani wale masikio wanayo, miguu ndiyo hawana.

"Rudia, shemeji yangu."

"Vimefutika."

Kidole cha pili. Safari hii alitapika, na jibu likawa lilelile. Alimchukia mtu yule kuliko mkono ulivyomuuma, na chuki hiyo ndiyo iliyomshikilia asiseme.

Shemeji akaitupa nyundo, akaipangusa kompyuta damu kwa blauzi ya fundi mwenyewe, akaitia mfukoni kwa adabu zote. "Ndiyo maana nakupenda," akasema, akaenda zake kituoni akipiga mluzi.

Fundi akangoja mpaka mluzi ukapotea. Kwa mkono wa kushoto akampigia mpelelezi aliyemhoji wodini.

"Anakuja kwa miguu yake," alisema. "Mkishaipokea, chomoeni kadi ya ubavuni ndipo muiwashe. Na muiwashe akiwa hapohapo. Mdogo wangu ana la kusema."