Hatua Sita za Mjomba

Bwawa letu tulilijenga kwa hatua, na sisemi zile hatua za kwenye hotuba. Nasema hatua za miguu. Tuta lilikuwa na urefu wa hatua mia mbili na nne, kaya tulikuwa thelathini na nne, kila kaya ikapewa hatua sita. Uchimbe msingi wako, umwage udongo wako, ushindilie mwenyewe, na mwisho upewe jiwe lililopakwa chokaa lenye namba yako. Sisi tulikuwa namba kumi na moja. Kaya ni neno kubwa, maana tulikuwa wawili tu: mimi na mjomba wangu, fundi baiskeli, mwenye mgongo unaouma akiona jembe na kupona akiona chai.

Mimi wananiita Redio. Aliyenipa jina hilo ni shemeji yangu, mume wa dada. Alisema tofauti yangu na redio ni kwamba redio ina kitufe cha kuzimia. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya bwawa, kwa hiyo nami nikamwambia tofauti ya mwenyekiti na kiti ni kwamba kiti kina kazi. Tumeishi hivyo tangu alipomwoa dada yangu, na hakuna aliyewahi kutushtaki.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa Mama Kamba. Shirika fulani lilimpeleka mafunzo ya wiki tatu, akarudi na kamba yenye fundo kila mita na sheria nne. Toa udongo wa juu wenye majani. Ng'oa kila kisiki na kila mzizi. Mwaga udongo shibiri moja, unyunyize maji. Shindilia mpaka kisigino kisiache alama. Ile ya visiki aliirudia hadi tukawa tunamwigiza akigeuka. Mzizi ukibaki ndani ya tuta unaoza, alisema, ukishaoza unaacha tundu, na maji hayangoji kualikwa mara ya pili.

Kwenye hatua yetu ya nne palikuwa na kisiki cha mgunga, kinene kama pipa, na mzizi wake mkubwa ulilala kukata tuta, kutoka upande wa maji kwenda upande wa nyumba. Tulikichimba siku mbili. Siku ya tatu majirani zetu wa kushoto na kulia walikuwa wameshafika kiunoni kwa udongo, sisi bado tumo shimoni kama panya. Mama Kamba alikuwa mwisho mwingine wa tuta. Mjomba akakaa chini, akasema mgongo umekataa na hana wa kuusihi.

Hapo ndipo ningesema neno la maana. Badala yake nilipanda juu ya kisiki, nikavua kofia, nikatoa hotuba ya mazishi. Nikasema tumekusanyika kumsindikiza marehemu, aliyezaliwa mti, akafa kuni, hakuacha mjane wala deni. Mjomba alicheka mpaka mgongo ukapona. Akashika beleshi, akatupia udongo wa kwanza juu ya marehemu, nami nikatupia wa pili. Kufika saa saba hakuna aliyeweza kujua kuna kitu chini. Mama Kamba alikuja, akapiga kisigino, hakikuacha alama, akatukabidhi jiwe letu.

Misimu miwili ilikuwa imepita bila mvua ya kulowesha shati. Wa tatu ulikuja na hasira. Bwawa lilijaa kwa siku tatu. Siku ya nne asubuhi mvua ikapumzika, na kijiji kizima kikapanda juu ya tuta kutazama maji. Watu walipiga picha. Kuna mzee alinawa uso mara tatu mfululizo, na uso wake ulikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Mimi nilishuka upande wa pili, upande wa nyumba, nikiwa na chupa tupu ya soda. Sijui kwa nini niliibeba. Labda nilijua.

Nyuma ya jiwe namba kumi na moja nyasi zilikuwa zimelowa, duara la ukubwa wa sinia. Katikati ya duara maji yalitoka taratibu, membamba kama penseli. Mama Kamba alitufundisha: maji yanayopenya tuta yakiwa meupe ni jasho, yaache. Yakiwa na tope ni damu, kwa sababu yanatoka na nyama ya tuta. Nikakinga chupa. Ilipojaa nikaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Kicheko kilinitoka. Mimi nikiogopa huanza kwa kucheka, na wanaonijua hawajui hilo. Kisha nikageuka kutazama kule chini. Mwendo wa dakika tano kutoka pale nilipokuwa, zilikuwepo nyumba tisa. Ya kwanza ilikuwa ya dada. Alijenga karibu kwa sababu ya kitalu chake, miche elfu mbili ya kupanda kuzunguka bwawa ili ukingo usiliwe na mvua. Nilimwona mlangoni, ameketi, ananyonyesha. Mtoto alikuwa na siku kumi na tisa.

Nilikimbilia kwake kwanza. Nikamwambia achukue mtoto apande kwa mjomba, tuta letu linavuja. Akanitazama kama mtu anayetazama tangazo lile lile kwa mara ya mia. Akasema utani wa leo umechacha, nimletee wa moto.

Nikakimbilia kwa mjomba. Alikuwa kibandani kwake ananyoosha ringi, anaizungusha na kuisikiliza. Nilimwekea chupa mbele. Hakuigusa. Akasema hayo ni maji ya mvua yanayoteleza kwenye nyasi. Nikamwuliza kwa nini basi yatoke hatua ya nne, yasitoke ya tano wala ya jirani. Ringi ikaendelea kuzunguka peke yake.

"Ukisema, watatutoa kwenye mgao wa maji," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe una cheti cha shule, utakwenda popote. Mimi na mgongo huu niende wapi?"

Kwenye ukuta wa shule yetu waliandika kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuandika ufanye nini kama ufa uko ndani na ni wewe uliyeufukia.

Nikarudi juu ya tuta. Shemeji alikuwa katikati ya watu, anapokea pongezi kama bwana harusi. Nikasema mbele ya wote, nikihema, kwamba kaya ya kumi na moja ilizika kisiki na sasa tuta linatoka damu. Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama marehemu kaacha mjane. Ilikuwa hotuba yangu ya mazishi, maana mjomba alishaisimulia kibandani kwake, kila mtu akiamini ni hadithi tu. Nilikuwa nimemaliza ukweli wote kwa kuutumia kama kichekesho.

Shemeji akanishika bega. "Redio, leo zima kidogo. Watu wana furaha."

Mama Kamba ndiye ambaye hakucheka. Alichukua chupa mkononi mwangu, akaiweka juu ya jiwe, akakaa mbele yake. Watu wakaona anangoja, nao wakaanza kungoja. Maji ya juu yalianza kuwa meupe, na tope likashuka chini polepole, likatulia. Akalipima kwa kidole. Unene wa kidole kimoja, katika chupa moja ya soda.

Akatuma mjomba aitwe. Mjomba alikuja na mikono yenye grisi, akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hakuna kisiki. Aliapa vizuri, nami karibu nimwamini.

"Sawa," Mama Kamba alisema. "Basi nenda ukasimame kwenye hatua zenu mpaka nihesabu mia."

Lilikuwa jambo dogo. Wengine walikuwa wamezikanyaga asubuhi nzima. Mjomba akaenda mpaka kwenye jiwe letu. Akapiga hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu aliipiga fupi. Kisha akainua mguu, akauacha hewani, kama jogoo aliyesahau alikokuwa akienda. Upepo ulikuwa unapiga shati lake. Mguu ukarudi ulikotoka.

"Mgongo," alisema.

Hakuna aliyecheka. Watu wote waliokuwa juu ya tuta walianza kuondoka kwa kunyata, kama wanaotoka chumbani kwa mgonjwa, na nadhani ule ukimya wa nyayo zao ndio ulioniogopesha kuliko chupa.

Mambo yalikwenda haraka. Kule milimani kulikuwa kumeshaanza tena kuwa kweusi. Kwenye mwisho mmoja wa tuta, kando ya mwamba, kulikuwa na mfereji wa kutolea maji yanayozidi, na maji yalikuwa yamebakiza shibiri moja kuufikia. Mama Kamba alisema mfereji uchimbwe ushuke, kina cha mtu kifuani, maji yatoke mpaka yasiwe na nguvu ya kusukuma kwenye kisiki. Maana yake theluthi mbili ya bwawa iende zake. Wote tukamtazama mwenyekiti. Shemeji aliyatazama maji, misimu miwili ya kuyangoja, kisha akatazama bati la nyumba yake kule chini.

"Chimbeni," alisema.

Wanawake wakakimbia kuhamisha nyumba tisa. Dada alipanda na mtoto kifuani na trei moja ya miche kichwani, na aliponipita hakusema utani umechacha. Wenye nguvu walikwenda mferejini na sururu. Akabaki mtu mmoja wa kutafuta: wa kusimama chini, mbele ya lile duara, atazame kama maji yanazidi au yanapungua, apige kelele wachimbaji wasikie. Kutoka mferejini hapaonekani. Anatakiwa mtu asiyenyamaza, Mama Kamba alisema. Akinyamaza, wote wakimbie.

Hawakuhitaji kupiga kura.

Mama Kamba alinifunga ile kamba yake kiunoni. Ncha aliishika shemeji, aliyesimama kando kwenye mteremko. Nikamwambia akiniacha nitamwambia dada. Akasema niseme nitakalo, mradi niseme.

Nikaanza. Nilisema maji ni ya penseli. Nikasimulia habari za mwalimu wetu wa hesabu na mbuzi wake. Maji ya penseli bado. Nikaimba wimbo wa shule beti zote, na zile za kihuni. Kisha maji yakawa ya kidole gumba, nikapaza sauti, kidole gumba, kidole gumba, na kule mferejini sururu zikaongeza mwendo. Mbele ya macho yangu ukuta wa udongo, urefu wa watu wawili, na nyuma yake nilikuwa nalisikia bwawa. Halikuwa linavuma. Lilikuwa limekaa tu, kama ng'ombe mkubwa anayeegemea mlango. Vichekesho vikaniishia. Sikujua kwamba vina mwisho. Nikahesabu. Nikataja majina ya mito tuliyokariri shuleni. Donge la udongo lenye ukubwa wa mkate likabanduka, likaniangukia mguuni, na maji yakawa ya kifundo cha mkono.

Nikanyamaza.

Sikukusudia. Labda ilikuwa pumzi mbili, labda tatu. Sururu zikanyamaza. Kamba ikakaza kiunoni mwangu, shemeji ameshaanza kunivuta, na nikajua wakikimbia sasa mfereji utabaki nusu na maji yatapita hapa, yapitie kwangu kisha kwa dada. Nikafumbua mdomo na kilichotoka ndicho kilichokuwa karibu. Tumekusanyika kumsindikiza marehemu, nikapiga kelele, aliyezaliwa mti, akafa kuni. Nilikuwa nalia. Kifundo cha mkono, chimbeni, hakuacha mjane, kifundo cha mkono, wala deni. Nikairudia yote, na tena. Sururu zikaanza upya.

Sijui niliisoma mara ngapi. Kuna mahali nikasikia sauti mpya, mngurumo upande wa mwamba, maji yamepata mfereji. Duara halikubadilika. Nikaendelea. Mvua ikaanza, nikaendelea. Kidole gumba, nikasema, na sikujiamini, nikasubiri nihesabu hamsini kabla ya kusema tena. Penseli. Chupa ya mwisho niliyokinga ilichelewa kujaa kiasi kwamba mkono ulikufa ganzi. Nikaiinua. Kulikuwa na giza la mawingu, lakini niliona vidole vyangu upande wa pili wa chupa.

Shemeji hakuifungua kamba mpaka tulipofika juu. Aliniambia sauti yangu imekwisha. Ilikuwa kweli. Nilikaa siku nne bila sauti, na kijiji kikasema mvua ile haikuleta maji tu.

Hawakututoa kwenye bwawa. Kamati ilikaa, watu wakasema waliyosema, na mengine nilistahili. Uamuzi ukawa kwamba kiangazi, maji yakishuka kabisa, kaya ya kumi na moja itafumua hatua zake sita na kuzijenga upya, Mama Kamba amekaa juu kwenye kigoda tangu jembe la kwanza hadi la mwisho.

Tulifukua wiki iliyopita. Mjomba hakuutaja mgongo wake hata mara moja. Tulipofika kwenye kisiki, kilikuwa laini, unakikata kwa jembe kama mhogo uliooza. Pembeni yake, pale ulipokuwa ule mzizi mkubwa, palikuwa na tundu jeusi. Nilipiga magoti nikaingiza mkono. Uliingia kiganja, kiwiko, mpaka shavu langu likagusa udongo. Ndani kulikuwa na baridi. Nilinyoosha vidole nikitafuta pa kugota.

"Umefika mwisho?" mjomba aliuliza.

"Bado," nikasema.