Kanga Wawili Walioingia kwa Miguu

Wewe umewahi kumwona kanga wa porini akisubiri ashikwe? Basi mwaka ule wa nzige, pale Bondeni, Nakuru, ndege wawili wa madoadoa waliingia wenyewe uani kwa Mzee Dualeh, polepole, kwa miguu. Mwanawe Hemed aliinama akamwokota mmoja bila taabu.

"Riziki imejileta!" Mzee akacheka. "Kisu, Hemed! Mwahi kabla hajakufa, asije akawa mzoga."

Safiyo, mke wa Hemed, alifungua mdomo akaufunga. Alikuwa bibi arusi mgeni. Mbele ya baba mkwe alikuwa bado hajatoa neno.

"Mbona umenuna, mwanangu?" mama mkwe, Khadijo, akamtania. "Kwenu kule Bahati hamli kitoweo cha bure?"

Kwao alifuga kuku na bata, na ndege mgonjwa alimjua. Huyu aliyebaki kando ya pipa alikuwa amevimbisha manyoya na jua lote lile. Mbawa zinaburuzika, macho nusu yamefumba, ute unamdondoka, na manyoya ya mkiani yameganda kinyesi cha kijani. Safiyo akamfunika kwa mtandio taratibu, akamtia kikapuni, akakisogeza kivulini asione watu.

"Mlete na huyo," Mzee akasema.

Safiyo hakumleta. Alisimama tu mbele ya kikapu.

Hemed alikuwa keshachinja, utumbo kamtupia paka. Paka akala, akajilamba. Nyama ilikuwa ndiyo kwanza inatokota jikoni paka alipopiga ukelele, akaruka, akaanguka ubavu, povu mdomoni, kucha zikikwaruza vumbi. Halafu akanyooka.

Kisu alichokuwa akikiosha kilimtoka Hemed mkononi. Mama Khadijo, aliyenyonyoa manyoya, alichota majivu akaanza kusugua mikono, akasugua tu, machozi yanamtiririka. Mzee alikaa chini palepale, kanzu vumbini.

"Dawa ya nzige," Hemed akanong'ona. "Ile wanayomwaga mashambani. Hawa kanga wamekula nzige wenye sumu."

Hemed alikimwaga chungu shimoni, akafukia.

"Safiyo," Mzee akaita. "Ulijua?"

"Sumu sikuijua, baba. Nilijua wanaumwa. Nilitaka kusema wasichinjwe." Akakigusa kikapu. "Na huyu naomba mniachie. Nataka nimtunze, apone, aende zake."